Mgeni njoo, mwenyeji apone: Ziara za Mji wa Kale nazo zimkumbuke mwenyeji

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa nimeketi na ami yangu barazani kwake, hatua chache kutoka Ndia Kuu, tukinywa kahawa tungu. Kikatokea kikundi cha watalii, kama watu thelathini na kitu hivi, kila mmoja na nambari imebandikwa kifuani. Mbele yao alikuwa kijana aliyeinua mwavuli mwekundu ili wasipotee, na mkononi ana kipaza sauti kidogo. Walisimama pale pale tulipoketi.

Yule kijana akaanza kueleza kwa Kiingereza. Akasema mlango wa nakshi wa jirani una misumari ya shaba ili kuzuia tembo wasiuvunje. Kisha akatuelekezea kidole na kusema viti hivi vya mawe vilijengwa ili watumwa wakae wakisubiri kupigiwa bei. Watalii wakatikisa vichwa kwa huzuni na kuinua simu zao. Tukapigwa picha, mimi na ami yangu, vikombe mkononi.

Ami yangu alifanya kazi bandarini zaidi ya miaka thelathini. Kiingereza anakijua vyema. Akangoja mpaka kijana akamaliza, akanigeukia akanambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu atoka wapi? Baraza hii ndiyo marehemu babangu akisomesha watoto Kurani. Mbona yuasema mambo asiyoyajua?"

Kabla sijajibu, mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane hivi, akatokea kichochoroni akirudi nyumbani na juzuu yake kifuani. Mtalii mmoja akachuchumaa mbele yake na kamera kubwa. Mtoto akaganda. Ami akainuka, akamsogeza nyuma yake kwa upole, akamwonyesha yule mgeni kiganja kuwa haifai. Mgeni akaomba radhi, na ninaamini alimaanisha. Hakuna aliyemwambia mapema.

Kitu cha mwisho nilichokiona ni mama mmoja katika kikundi kile aliyevutiwa na harufu ya mahamri kwa jirani wa pili. Alikwisha kutoa pesa. Yule kijana akaangalia saa, akamwita, akamwambia basi linangoja. Mama wa watu akarudisha pesa mkobani. Walikaa mtaani kwetu muda usiofika dakika kumi. Hawakuacha hata shilingi moja.

Tuna msemo wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja. Nilijiuliza mwenyeji amepona nini.

Ratiba inapangwaje

Si nia yangu kumlaumu yule kijana, na kampuni iliyomleta siitaji. Kazi hiyo naijua kutoka ndani. Nilipomaliza diploma yangu ya utalii mwanzoni mwa miaka ya 2000, niliongoza vikundi hapa hapa mjini kwa miaka kadhaa, mpaka vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipokata mkate wetu na nikaenda kutafuta riziki nyingine. Hata ile hadithi ya tembo, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliwahi kuisimulia mwenyewe. Nilifundishwa na aliyenitangulia, naye alifundishwa na aliyemtangulia yeye. Misumari ile asili yake ni milango ya Bara Hindi, ambako tembo wa vita walikuwepo kweli. Hapa ni pambo na alama ya hadhi ya mwenye nyumba. Lakini mgeni akicheka na kushangaa, bakshishi huongezeka, na hadithi huendelea kuishi.

Siku hizi soko limebadilika. Zamani tulikuwa na ziara ya aina moja, kila kikundi kinapita njia ile ile. Sasa makampuni yanauza ziara za kupangiwa, yaani kikundi kinatoa matakwa yake na ratiba inakatwa kwa kipimo chao, kama nguo ya kushonesha. Idadi yenu ni ngapi? Mnataka lugha gani? Kuna mzee asiyeweza kutembea sana? Mnapenda historia, vyakula, au ununuzi? Mna saa tatu au siku nzima? Kila swali linamhusu mgeni, na ni haki yake kuulizwa maana ndiye anayelipa.

Kisha ratiba hutengenezwa. Kwa kikundi kinachoshuka kutoka meli ya kitalii pale Kilindini, mara nyingi ni hivi: basi, Fort Jesus, kipande cha Ndia Kuu, picha nje ya Msikiti wa Mandhry, kuchungulia Bandari ya Kale, kupita Marikiti kununua viungo, picha chini ya pembe za Moi Avenue, halafu wachongaji wa Changamwe au wanyama wa Haller Park kule Bamburi, kisha melini kabla ya nanga kung'olewa. Mji uliojengwa kwa karne nyingi unapewa nafasi iliyobaki baina ya basi na basi.

Katika maswali yote hayo, halipo hata moja linalouhusu mji. Haulizwi mtu kichochoro hiki kinabeba watu wangapi kwa wakati mmoja. Haulizwi kama leo ni Ijumaa na saa ya sala imekaribia. Haulizwi nani anakaa nyuma ya mlango ule wa nakshi, na kama ana habari kuwa kizingiti chake kimo katika ratiba. Ziara ya kupangiwa ni mkataba wa watu watatu: mgeni, kampuni na mji. Wawili wamekaa mezani wakakubaliana. Wa tatu anaona mwavuli mwekundu tu.

Pesa zinapita wapi

Tuangalie pesa, maana hapo ndipo mambo huwa wazi. Nachukua mfano wa kufikirika ili hesabu ieleweke. Tuseme mgeni amelipa dola 60 kwa ziara ya nusu siku. Ikiwa aliinunua akiwa melini au kwa wakala wa ng'ambo, sehemu kubwa inabaki huko huko hata kabla hajakanyaga Mombasa. Kampuni ya hapa inapokea kilichobaki, nayo ina basi, mafuta, dereva, bima, leseni na kodi. Kiingilio cha Fort Jesus kinakwenda kwa Makumbusho ya Taifa. Mwongozaji analipwa kwa siku, si kwa kichwa. Enzi zangu nilikuwa nikilipwa shilingi 500 kwa kikundi, wawe kumi au wawe arobaini.

Mitaani sasa. Yule mwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye roshani ya mbao inayopigwa picha mara mia kwa siku, yeye hupata nini? Hapati kitu. Na ile roshani ikioza, ni yeye atakayeitengeneza. Mji wa Kale ni eneo lililotengwa kisheria kuhifadhiwa, na ni jambo jema. Mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa au kubadilisha sura ya nje atakavyo, na akitaka kukarabati anatakiwa afuate utaratibu wa ofisi ya uhifadhi. Lakini chokaa, boriti za mikoko na fundi anayejua kuchonga si rahisi kama simiti na mabati. Kwa hiyo sheria inamwambia ahifadhi, soko linapiga picha alichohifadhi, na gharama inabaki kwake peke yake. Wengine wamechoka, wakauza. Wengine wameng'oa milango usiku wakaiuza kwa bei ya kutupa. Tumeona.

Wenzetu wa Unguja walipata funzo kali. Mnamo tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo kila mtalii wa Mji Mkongwe alipelekwa kuliona, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Orodha na wageni peke yake havikuzuia ukuta kuanguka. Huzuiwa na fundi aliyelipwa kwa wakati.

Kwetu hapa kuna tatizo la nani ana jukumu gani. Fort Jesus, iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2011, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Katiba ya 2010 imeacha majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, na utalii wa mashinani ikaukabidhi kaunti. Leseni za makampuni ya utalii hutolewa na mamlaka ya kitaifa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Takataka na mitaro ni ya kaunti. Nyumba ni za watu binafsi na nyingine ni za wakfu. Kila mmoja ana kipande chake, na mtalii huvipita vyote kwa siku moja bila kujua. Ukimuuliza yeyote kati yao ni nani anayesimamia ziara ya vichochoroni, atakuelekeza kwa mwenzake.

Historia inayoanza kwa Mreno

Hasara ya pili haihesabiwi kwa shilingi. Ni hadithi yenyewe. Ziara nyingi huanza Fort Jesus, kwa hivyo historia ya Mombasa nayo huanza Fort Jesus. Mgeni huambiwa kuwa Wareno waliijenga kuanzia 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Huambiwa kuwa Waomani waliizingira tangu 1696 wakaitwaa 1698. Kisha Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Yote hayo ni kweli na yana mafunzo. Lakini mgeni anaondoka akiamini kuwa mji huu ulikuwa uwanja wa wengine kupigania, na sisi tulikuwa watazamaji.

Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331. Alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, wenye misikiti iliyojengwa kwa mbao. Hiyo ni miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa mwaka 1498. Mreno alipokuja alikuta mji wenye nyumba za mawe, biashara na watawala, na mwaka 1505 jeshi la Francisco de Almeida likauteketeza. Ziara ngapi husema hayo? Ziara ngapi humtaja Muyaka bin Haji, mshairi aliyepigana kwa tungo enzi za Mazrui, ambaye mashairi yake wazee bado wanayajua kwa moyo? Ziara ngapi hueleza Thenashara Taifa, Tisa na Tatu, na jinsi walivyofungamana na ndugu zao wa Mijikenda kwa biashara na kwa vita? Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mji huu na kusomesha dunia nzima, amezikwa karibu kabisa na Fort Jesus tangu Oktoba 2014. Vikundi vinapita pale kila siku wala havisimami.

Nirudi kwa lile la watumwa, kwa sababu sitaki kueleweka vibaya. Utumwa ulikuwepo katika pwani hii, na wazee wetu walishiriki, wengine kwa kununua na wengine kwa kuuza. Hilo tusilifiche, na mwongozaji mzuri asilikwepe. Ipo mahali pa kulisimulia kwa ukweli. Ng'ambo ya maji kule Kisauni kuna Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishenari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na mpaka leo eneo lenye kengele yao linaitwa Kengeleni. Kuna Rabai. Kuna vizazi vya watu hao, wapo hai na wana majina na kumbukumbu zao. Kikundi kinachotaka kujua habari za utumwa kipelekwe huko kikawasikilize. Kusimama mbele ya baraza la mtu na kubuni soko la watumwa ni kuwadhulumu watu wawili kwa mpigo: aliyeteswa, kwa kuifanya dhiki yake kuwa kichekesho cha njiani, na mwenye baraza, kwa kumpa sifa isiyokuwa yake.

Baraza ni la kupokea mgeni asiyeingia ndani. Ni la kunywea kahawa, kusuluhisha ugomvi, kusomesha watoto, kutangaza msiba. Ukweli huo ungemfaa mtalii kuliko uongo ule, maana angeweza kukaribishwa akaketi.

Na sisi pia tujiangalie

Nikiwalaumu wengine peke yao sitakuwa mkweli. Makampuni yana malalamiko yao, na baadhi yao ni ya haki. Wageni husumbuliwa na vijana wanaowafuata nyuma wakijifanya waongozaji, wakidai pesa mwisho wa kichochoro. Vingine ni vijana wetu waliozama katika unga, na kila mtaa unajua majina yao. Takataka tunazitupa wenyewe. Nyaya zinaning'inia juu ya roshani za miaka mia kama kamba za kuanikia nguo. Kampuni inayoogopa wageni wake kuibiwa simu itafupisha ziara na kuwarudisha basini upesi. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kuna na jambo jingine tunaloliogopa kulisema. Kwa muda mrefu wengi wetu tuliiona kazi ya utalii kuwa kazi ya aibu, ya ulevi na nguo fupi za ufuoni, tukawakataza wanetu. Sababu zetu zilikuwepo. Lakini tulipojitoa, kazi haikusimama. Ilichukuliwa na mwingine, naye akasimulia habari zetu kama alivyozisikia. Kijana wa mwavuli mwekundu nilimfuata baadaye nikazungumza naye. Ni mtu wa bara, mpole, ana cheti chake na leseni yake halali, na mwaka wa pili tu huu tangu afike Mombasa. Akanambia, "Kaka, mimi nimesoma maelezo niliyopewa na ofisi. Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kunikalisha chini akanieleza." Nilikosa jibu.

Upande wa pili wapo vijana wa mtaani wanaojua kila kisima na kila kaburi, wamelelewa na hadithi hizi, lakini hawana karatasi. Wakionekana na mgeni wanakamatwa kwa kufanya kazi bila leseni. Kwa hiyo mwenye leseni hana habari, na mwenye habari hana leseni.

Mifano ipo karibu

Watu wakisikia habari ya kuweka masharti kwa watalii hudhani tunataka kuwafukuza. Dunia nzima sasa inafanya hivyo. Venice, mji wa kale wa Italia, tangu 2024 hauruhusu kikundi cha zaidi ya watu 25 wala vipaza sauti vya waongozaji. Kyoto, kule Japani, mwaka huo huo walifunga vichochoro kadhaa vya watu binafsi katika mtaa wa Gion baada ya wakazi kuchoshwa na kamera. Wageni hawakususia miji hiyo.

Lakini kwa nini twende mbali? Vuka Likoni uende Kwale. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, unapokea wageni miaka mingi sasa. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, hupewa masharti na mwenyeji mwenyewe, huongozwa na mtu wa pale pale, na anachokipa kinabaki pale pale. Asiyetaka masharti haingii. Wageni hutoka wakiwa na heshima zaidi, hawalalamiki kuwa wameonewa. Ukiteremka zaidi mpaka Wasini, kina mama wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko na mawe ya matumbawe, mgeni hulipa kiingilio kidogo na pesa zinawafaa wenyewe. Hawa hawakungoja mkutano wa wadau katika hoteli ya nyota tano.

Kwa hiyo mapendekezo yangu si ya ajabu.

Kwanza, kikundi chochote kinachoingia vichochoroni kiwe na mwongozaji wa mtaa pamoja na yule wa kampuni, na alipwe kwa kiwango kinachojulikana. Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa. Utumike kuwapa karatasi vijana wanaoujua mji, baada ya kuwapima kwa haki. Na tusiwaache wasichana wetu nyuma. Kikundi cha wanawake wanaotaka kujua habari za lamu, hina, kanga na mapishi kitaongozwa na nani bora kuliko mwanamke wa Mji wa Kale, kwa stara yake na ndani ya nyumba anazokaribishwa?

Pili, tuwe na masharti machache yaliyoandikwa. Kikundi kisizidi watu kumi na watano vichochoroni, na kikizidi kigawanywe. Pasiwe na vipaza sauti. Hakuna kupiga picha watu bila idhini, na watoto kamwe. Nguo za heshima. Ijumaa, vikundi viepuke njia za misikiti tangu adhana mpaka watu watawanyike. Masharti hayo yaingie katika ratiba wakati mgeni anapoulizwa matakwa yake, si kupachikwa ukutani mahali asipopaona.

Tatu, kila mgeni atoe kiasi kidogo kwa ajili ya ukarabati wa nyumba, kiandikwe wazi katika bei ya ziara. Zisipitie mikono mingi. Sisi Waislamu wa pwani tuna njia ya kale ya kuzihifadhi mali za namna hiyo, nayo ni wakfu. Misikiti, visima na nyumba nyingi za mji huu zimesimama kwa wakfu. Mfuko wa wakfu wenye wadhamini wanaojulikana, hesabu zinazobandikwa mlangoni kila mwaka, na zamu ya nyumba zinazohitaji fundi kwanza, unaweza kuanza hata kwa roshani moja.

Nne, hadithi ziandikwe. Wazee kama ami yangu wanaondoka mmoja mmoja. Makumbusho ya Taifa, maimamu, walimu wa historia na wazee wa mitaa wanaweza kukaa wakakubaliana juu ya maelezo ya kuaminika ya kila mahali ambapo vikundi husimama, yenye mazuri yetu na makosa yetu. Mwongozaji akitaka leseni ya Mji wa Kale ajibu maswali hayo. Hapo hata kijana wa mwavuli mwekundu atafaidika, na akae nasi miaka thelathini kama anapenda.

Na tano, tusimsahau mgeni wa nyumbani. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, shule na familia za bara zinamiminika Mombasa, hasa Desemba. Ziara zao nazo zipangwe kwa matakwa yao: kwa Kiswahili, kwa bei wanayoiweza, na ndani yake awemo Muyaka, sio Vasco da Gama peke yake. Mtoto wa Nakuru au wa Kitui anaposoma ushairi darasani akiwa ameuona mji wa mshairi, hiyo faida haipatikani katika duka la vinyago.

Makampuni yatasema gharama zitapanda. Kidogo, ndiyo. Lakini wanachouza wao ni utulivu wa vichochoro vyetu, milango yetu na ukarimu wetu. Mali hiyo ikiisha, hawana nyingine ya kuuza. Mwenyeji aliyepata kitu atamlinda mgeni dhidi ya mwizi wa simu kuliko askari kumi.

Dini yetu imetufunza haki ya mgeni, na imetufunza pia haki ya jirani. Hazipingani. Mwenye kumleta mgeni mlangoni kwa mtu bila hodi amezivunja zote mbili.

Wiki iliyopita nilimrudia yule kijana nikamwalika barazani kwa ami, siku ambayo hana kikundi. Alikuja. Mwavuli aliuacha. Ami alimmiminia kahawa, akamwonyesha mlango wa jirani, akamweleza nakshi moja moja, na nani aliyeishi humo, na kwa nini mlango ule una komeo la ndani pekee. Yule kijana aliandika mpaka daftari likajaa. Alipoinuka kwenda akauliza kama anaweza kuwaleta wageni wake wakae pale, sio kusimama.

Ami akamjibu, "Walete. Lakini wasizidi baraza, na upige hodi kwanza."

Wabillahi tawfiq.